Kabla fundi akate konvata ya gari lako, mjue kwanza Eugène Houdry

Tuseme ni Jumamosi asubuhi na uko gereji. Kigari chako cha kwanza, kile ulichonunua kwa akiba ya miaka mitatu na mkopo wa chama, kimeanza vituko. Kilima kidogo tu kinahema. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma lakini gari haliendi. Ile taa ya manjano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi hii ni wiki ya tatu, na marafiki uliowabeba jana walilalamika kwamba kuna harufu ya mayai viza.

Fundi anainama, anagonga chuma fulani kilicho kwenye bomba la moshi, anasikiliza, halafu anasimama akipangusa mikono. Konvata imekufa, anakwambia. Dawa yake ni rahisi. Anaikata, anamwaga vilivyo ndani, anachomelea ganda tupu, na jioni uko barabarani. Tena kuna jamaa mtaa wa pili ananunua vile vya ndani kwa uzani, kwa hivyo utarudi nyumbani na pesa kidogo mfukoni.

Nani angekataa dili kama hiyo?

Ngoja kidogo, rafiki yangu. Kabla hujatikisa kichwa kukubali, nataka nikusimulie habari za mzee mmoja Mfaransa aliyefariki mwaka 1962. Chuma hicho fundi anachotaka kukikata kilitoka kichwani mwake. Na kuna swali moja alilohangaika nalo karibu maisha yake yote, swali ambalo fundi wako hajauliza bado: konvata imekufa, sawa, lakini imeuliwa na nini?

NAHODHA WA TIMU, FUNDI WA VITANI

Eugène Houdry alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 huko Domont, mji mdogo karibu na Paris. Baba yake alikuwa na kampuni ya chuma, kwa hivyo kijana hakulala njaa. Lakini usidhani alikuwa mtoto wa kudekezwa. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Arts et Métiers na kumaliza mwaka 1911 na medali ya dhahabu ya mwanafunzi bora. Mwaka huohuo alikuwa nahodha wa timu ya soka ya chuo, nayo ikatwaa ubingwa wa Ufaransa. Wale mnaoambiwa kila siku mchague kati ya vitabu na mpira, hapo mna mfano.

Aliingia kazini katika kampuni ya babake, lakini mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka. Houdry alianzia kwenye mizinga, kisha akahamishiwa kikosi cha vifaru, ambavyo siku hizo vilikuwa silaha mpya kabisa. Aprili 1917, huko Juvincourt, Wafaransa walipeleka vifaru vyao vitani kwa mara ya kwanza. Mambo hayakwenda vizuri. Vingi vilikwama, vingine vikawaka moto na watu wakiwa ndani.

Houdry alifanya nini? Alipanga kazi ya kukarabati vifaru vilivyokwama, palepale uwanjani, makombora yakiendelea kuanguka. Alijeruhiwa vibaya. Nchi yake ilimtunuku nishani ya Croix de Guerre kwa ushujaa huo. Kwa maneno mengine, kabla hajawa mtu wa maabara alikuwa fundi wa gereji, ila gereji yake ilikuwa inapigwa mabomu.

MAPENZI YA MBIO ZA MAGARI

Vita vilipoisha alirudi kwa babake, lakini roho yake ilikuwa kwenye magari ya mbio. Alisafiri hadi Marekani, akatembelea kiwanda cha Ford na kutazama mashindano maarufu ya Indianapolis. Wengine walirudi wakisimulia kasi. Yeye alirudi na jambo moja lililomkera. Aliona kwamba injini zilikuwa zinaboreshwa kila mwaka, lakini petroli iliyokuwa inatiwa ndani yake ilikuwa duni.

Huenda umewahi kusikia injini ikitoa mlio wa kugonga-gonga unapopanda mlima. Petroli dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na ndiyo inayoleta mlio huo. Inamaliza nguvu na kuumiza injini. Injini ya kasi inataka petroli inayovumilia kubanwa bila kulipuka ovyo. Uvumilivu huo ndio unaopimwa kwa ile namba ya okteni unayoiona kwenye pampu.

Ufaransa nayo haikuwa na visima vya mafuta vya maana. Ilikuwa na makaa laini ya rangi ya kahawia yanayoitwa lignaiti. Mwaka 1922 Houdry alipata habari za mkemia mmoja wa Nice aliyedai anaweza kugeuza lignaiti kuwa petroli. Akavutiwa, akaunda kikundi cha watafiti, akatumbukiza pesa zake na za watu wengine. Kufikia 1929 walikuwa na kiwanda cha kujaribia kinachomeza tani 60 za lignaiti kwa siku.

Kilifanya kazi? Ndiyo. Kililipa? Hapana. Petroli yake ilikuwa ghali mno, serikali ikakataa kuendelea kusaidia, na kiwanda kikafungwa. Miaka saba ya kazi ikawa hasara. Wewe ambaye biashara yako ya mitumba ilianguka baada ya miezi sita, vuta pumzi. Huko peke yako.

MSHENGA ALIYEZIBWA MDOMO

Lakini ndani ya miaka hiyo saba alikuwa ameokota kitu. Alikuwa amejaribu mamia ya vichocheo. Kichocheo ni nini? Mfikirie mshenga. Mshenga anakwenda kwa wazee, anazungumza, posa inakubaliwa, harusi inafanyika, lakini yeye haoi. Kesho yake yuko huru kwenda kuunganisha wengine. Kichocheo katika kemia ni hivyohivyo. Kinaharakisha vitu viungane au vivunjike, na chenyewe kinabaki kilivyokuwa.

Mwaka 1927 Houdry aligundua kwamba udongo wa aina fulani, mchanganyiko wa silika na alumina, ni mshenga hodari kwa mafuta ghafi. Mafuta mazito, yale yenye thamani ndogo, yakipitishwa juu ya udongo huo yakiwa moto sana, molekuli zake ndefu zinakatika vipande vipande na kutoa petroli. Tena petroli nzuri, yenye okteni ya juu.

Tatizo likawa moja. Baada ya dakika chache tu udongo ulikuwa unafunikwa na masizi meusi na kuacha kufanya kazi. Mshenga amezibwa mdomo. Wengine walikuwa wameliona tatizo hilo kabla yake wakakata tamaa, wakasema vichocheo havifai kwa mafuta mazito.

Hapa ndipo utaona tofauti ya Houdry na wengine. Yeye hakuutupa udongo akaanza kutafuta mwingine. Aliuliza umezibwa na nini. Jibu likawa kaboni, na kaboni inaungua. Basi akapitisha hewa moto, masizi yakateketea, na udongo ukarudi kama mpya. Akapanga mitungi kadhaa ifanye kazi kwa zamu. Mmoja unavunja mafuta, mwingine unachomwa masizi, wa tatu unasubiri zamu. Na joto la kuchoma masizi hakulipoteza, alilirudisha kupasha mafuta yanayoingia. Uchafu uliokuwa unaua mradi ukawa kuni za mradi.

Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia tukifika chini ya gari lako.

MAREKANI INAMWITA

Kampuni za Ulaya hazikumchangamkia. Mwaka 1930 kampuni ya Vacuum Oil ikamwalika Marekani, naye akafunga virago. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni ya Houdry Process. Ulikuwa wakati mbaya, uchumi wa dunia umeporomoka na pesa za utafiti hazipatikani. Mwaka 1933 kampuni ya Sun Oil ikaingia kumsaidia kubeba mzigo.

Mwaka 1936 mtambo wa kwanza ukaanza kazi huko Paulsboro, New Jersey, ukisafisha mapipa 2,000 kwa siku. Mwaka 1937 ukafuata mkubwa zaidi huko Marcus Hook, Pennsylvania, wa mapipa 12,000 kwa siku. Mbinu ya zamani ya kuvunja mafuta kwa joto pekee ilikuwa inatoa takriban robo tu ya petroli kutoka kwa mafuta mazito. Ya Houdry ilitoa karibu nusu, tena bora zaidi. Kampuni zilizomkwepa zikabaki zimeshika tama.

Halafu vita vikarudi. Mwaka 1940 Ujerumani iliishinda Ufaransa, na serikali ya Vichy ikakubali kuelewana na Hitler. Houdry, akiwa Marekani, alikataa katakata. Aliongoza chama cha France Forever kilichomuunga mkono Jenerali Charles de Gaulle. Mwaka 1941 serikali ya Vichy ikamvua uraia. Hebu fikiria: mwanajeshi aliyemwaga damu kwa nchi yake anaambiwa si raia tena. Mapema mwaka 1942 akawa raia wa Marekani.

Jibu lake lilikuwa kufanya kazi. Ndege za kivita zilihitaji petroli ya okteni 100, na mitambo ya Houdry ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya petroli hiyo upande wa wapinzani wa Hitler. Vilevile alibuni njia ya kutengeneza butadieni, malighafi ya mpira bandia, wakati Japani ilikuwa imeteka mashamba ya mpira ya Asia. Kufikia mwisho wa vita wengine walikuwa wamebuni mitambo mipya ya unga wa kichocheo unaozunguka kama maji, na hiyo ikaipiku ya Houdry. Lakini wazo la msingi lilibaki lilelile: vunja mafuta kwa kichocheo, choma masizi, rudia. Petroli nyingi inayotengenezwa duniani leo bado inapitia njia hiyo.

MOSHI WA MAFANIKIO YAKE

Angeweza kupumzika hapo. Alikuwa karibu miaka 60, ana jina, ana heshima. Lakini miji ya Marekani ilikuwa imejaa magari yanayokunywa petroli nyingi na nzuri, ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa amesaidia kuileta. Los Angeles ilikuwa inafunikwa na ukungu wa moshi unaowasha macho. Mapema miaka ya 1950 mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipigwa na jua.

Houdry alihofia kwamba moshi huo unachangia saratani ya mapafu. Na hakusema hilo si shauri lake. Alianzisha kampuni nyingine huko Pennsylvania, Oxy-Catalyst, yenye kazi moja: kutumia mshenga yuleyule, safari hii kusafisha kile kinachotoka kwenye bomba.

Ebu nikueleze kwa nini wazo hilo ni zuri. Injini haichomi petroli yote. Katika moshi kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kukuua ukiwasha gari ndani ya karakana iliyofungwa. Kuna pia chembe za petroli ambayo haikuungua, na gesi za nitrojeni zinazokera mapafu. Moshi ukipita juu ya kichocheo chenye joto la nyuzi 300 na zaidi, kaboni monoksidi inageuka kuwa hewa ya ukaa, na petroli iliyobaki inageuka kuwa hewa ya ukaa na mvuke. Konvata za kisasa zinavunja pia gesi za nitrojeni na kuziacha nitrojeni tupu, ile tunayoivuta kila siku bila madhara.

Mwaka 1956 Houdry alipata hataza ya kichocheo chake cha kusafisha moshi. Vyombo vyake vilifungwa kwenye mashine za kunyanyulia mizigo ndani ya maghala, kwenye migodi na kwenye mabomba ya viwanda, mahali ambapo watu walikuwa wakivuta sumu wakitafuta riziki. Huko vilifanya kazi. Lakini kwenye magari ya barabarani, vilikufa.

RISASI

Swali likarudi: vimeuliwa na nini?

Jibu lilikuwa risasi. Si ya bunduki, ni ile metali nzito ya kijivu. Tangu miaka ya 1920 kampuni za mafuta zilikuwa zinaweka risasi kwenye petroli ili injini isigonge. Ilikuwa njia ya bei nafuu ya kupandisha okteni. Gari likitembea, risasi inatoka na moshi. Ikifika kwenye kichocheo inakaa juu yake kama rangi ukutani, na mshenga anazibwa mdomo tena.

Tofauti ni kwamba masizi yanaungua, risasi haiungui. Ule ujanja wake wa miaka ya 1920 haukuweza kumsaidia hapa. Hakukuwa na tatizo kwenye konvata. Tatizo lilikuwa kwenye kile ilicholetewa, na mwenye uwezo wa kukibadilisha hakuwa Houdry. Zilikuwa kampuni za mafuta, kampuni za magari na serikali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka.

Alifariki tarehe 18 Julai 1962, Pennsylvania, akiwa na miaka 70. Alikuwa na hataza zipatazo 100. Magari mengi ya Marekani yaliyopita barabarani siku aliyozikwa yalikuwa yanachoma petroli ya risasi, na konvata hazikuwemo.

Sheria kali ya hewa safi ilipitishwa Marekani mwaka 1970. Wahandisi wengine wakaendeleza wazo: jiwe la kauri lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, limepakwa platinamu na metali nyingine ghali. Magari ya mwaka 1975 yakaanza kutoka na konvata, na vituo vya petroli vikalazimika kuwa na pampu isiyo na risasi. Ona maajabu: moja ya sababu kubwa za kuanza kuiondoa risasi haikuwa akili za watoto, ingawa risasi huziharibu. Ilikuwa kuilinda konvata. Chombo cha Houdry kilikuja kusafisha moshi, kikaishia kuburuta sumu nzima nje ya petroli.

NA KWETU JE?

Hapa kwetu ilichukua muda. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, na kukubaliana kuiacha petroli yenye risasi. Kufikia Januari 2006, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeiacha. Kampeni ya dunia nzima iliratibiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapa Gigiri, Nairobi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Juzi tu.

Kwa hivyo kabla ya 2006, konvata kwenye gari lililokuja kutoka Japani ilikuwa na maisha mafupi hapa Kenya. Petroli yetu ingeiziba. Fundi aliyeing'oa miaka hiyo alikuwa na hoja. Huenda ndiyo sababu mpaka leo baadhi ya mafundi wanaiona kama takataka ya Wajapani inayobana injini. Lakini mambo yamebadilika. Petroli unayonunua sasa haina risasi. Konvata yako ikifa leo, muuaji ni mwingine. Na mara nyingi yuko ndani ya gari lako.

TURUDI GEREJI

Sasa bado umesimama pale, fundi ameshika msumeno. Mwambie aweke chini kwanza. Kisha fanya alichofanya Houdry: tafuta muuaji.

Anza na plagi na koili. Plagi moja ikikosa kuwaka, petroli mbichi inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya konvata. Joto linapanda kupita kiasi, kauri inayeyuka na kuziba njia. Hapo ndipo gari linakosa pumzi mlimani. Ukiweka konvata mpya bila kubadilisha plagi mbovu, umenunua maiti ya pili.

Halafu oili. Je, unaongeza oili kila wiki ingawa huoni inapovuja chini? Basi injini inaichoma. Oili ina fosforasi, nayo inafunika kichocheo polepole kama ile risasi ya zamani. Moshi wa buluu ukionekana nyuma, hasa asubuhi unapowasha, hiyo ni dalili.

Angalia pia maji ya rejeta. Yakipungua bila kuvuja nje, huenda yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi iliyochoka. Kemikali za kupozea injini zinaharibu konvata na vihisi vyake.

Kisha taa yenyewe. Usikubali izimwe tu. Mwambie fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari na akuonyeshe kodi. Gari lina vihisi viwili vya oksijeni, mafundi wanaviita sensa, kimoja kabla ya konvata na kingine baada yake. Kompyuta inalinganisha habari za viwili hivyo, ikiona zinafanana inajua konvata haifanyi kazi. Kodi ya P0420 ina maana hiyo. Lakini sensa yenyewe ikiwa mbovu, au bomba likiwa na tundu linalovuta hewa, kodi hiyohiyo inaweza kutokea. Ukikata konvata kwa sababu ya sensa, umekata mguu kwa sababu ya kiatu.

Kuhusu kuziba, kuna kipimo. Fundi anafungua sensa ya mbele, anafunga geji ya presha mahali pake na kuwasha injini. Presha ikipanda sana, njia imeziba. Na ukiligonga ganda kwa nyundo ya mpira ukasikia kitu kinacheza ndani kama mawe kwenye mkebe, kauri imevunjika, pengine kwa kugongwa na bampu za mtaa wako.

Nikuambie ukweli, kuna wakati konvata imekufa kweli na hakuna sabuni wala dawa ya kumimina tangini itakayoifufua. Kauri iliyoyeyuka haiyeyuki kurudi. Na ikiwa imeziba, usiendelee kuliendesha gari hivyo ukingoja mwisho wa mwezi. Injini inapata joto kupita kiasi, na konvata inayowaka nyekundu inaweza kuwasha nyasi kavu ukiegesha juu yake. Hapo utahitaji nyingine, iwe mpya au iliyotumika kutoka kwa gari la injini kama yako. Hii ya pili ni nafuu, ila ipimwe na uichungulie ndani kwa tochi. Vile vitundu viwe wazi na vizima. Lakini itie baada ya kurekebisha kilichoua ya kwanza, si kabla.

Na ile ya zamani? Usiiache gereji kama chuma chakavu. Platinamu, paladiamu na rodiamu zilizomo ndani ni metali za thamani, ndiyo maana yule jamaa wa mtaa wa pili anazitafuta, na ndiyo maana wezi hukata konvata chini ya magari usiku. Kuna mafundi wanaojua hilo vizuri kuliko mteja. Anayekuhimiza ukate harakaharaka huenda anahesabu pesa zako kabla yako.

Najua unachowaza. Gari lisilo na konvata linatembea, tumeyaona, tena wengine wanasema linakuwa jepesi. Ni kweli linatembea, hasa kama la zamani lilikuwa limeziba. Lakini ile plagi mbovu bado inakunywa petroli yako, ile oili bado inapungua, taa bado inawaka, na siku injini itakapokataa kabisa hutakuwa na taa mpya ya kukuonya. Na ile kaboni monoksidi haijaenda popote. Inamwendea mwendesha boda aliye nyuma yako kwenye jam ya jioni, na mama anayechoma mahindi pale stejini. Bomba lililochomelewa vibaya likivuja chini ya kiti chako, inakurudia wewe mwenyewe na madirisha yamefungwa.

Houdry alikufa bila kuona chombo chake kikifungwa kwenye gari la mtu wa kawaida kama wewe. Kiko pale sasa, chini ya kigari cha miaka kumi na mitano ulichokinunua kwa jasho lako. Kwa hivyo Jumamosi hii, mwambie fundi alete kwanza spana ya plagi. Msumeno unaweza kungoja.